Mseto wa Mbinu za Usonji na Ujuzi wa Anayeuandaa

Mseto, katika huduma za usonji, ni kumsaidia mtoto kwa kuchanganya mbinu zenye asili tofauti: uchambuzi wa tabia, uliovuma kwa utafiti wa Ivar Lovaas wa mwaka 1987; TEACCH ya Eric Schopler wa North Carolina, inayopanga darasa kwa picha na ratiba; kadi za picha za PECS, za kuwasiliana, kwa mtoto asiyesema; pamoja na tiba kwa vitendo. Mbeya na Iringa mseto mara nyingi hujitokeza wenyewe. Mtoto ana mwalimu wa kitengo maalumu shuleni, ana mtaalamu hospitalini, na kila mmoja ana lake.

Ujuzi wao upimweje? Cheti peke yake hakitoshi. Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru, Arusha, hufundisha walimu wa wasioona, wa viziwi na wa wenye ulemavu wa akili. Kwa hiyo wawili waliotoka Patandi huenda hawakusoma kitu kimoja. Tiba kwa vitendo hufundishwa KCMC, Moshi. Kote huko ni kaskazini, mbali na Nyanda za Juu Kusini zilipo Mbeya na Iringa.

Kipimo kizito zaidi ni saa za kazi chini ya msimamizi. Bodi ya Marekani ya wachambuzi wa tabia, BACB, humdai mchambuzi kamili saa 1,500 hadi 2,000. Fundi wa ngazi ya chini husoma saa 40 tu, ila haruhusiwi kufanya kazi bila msimamizi. Anayejiita mtaalamu baada ya semina ya siku tano basi ajieleze.

Mwaka 2005 Jane Howard na wenzake, California, waliona watoto wa uchambuzi wa tabia pekee wakiwapita wale wa mseto. Hata hivyo makundi hayo hayakupangwa kwa bahati nasibu, na matakwa ya wazazi yaliingia humo. Kwangu mimi, hoja inabaki jikoni, kwenye mseto wa mchele na choroko: choroko zisipotangulia kuiva, mchele hauuokoi mseto; vivyo hivyo, mbinu asiyoijua vizuri anayeitumia haiokolewi na nyingine.

Kwa Mbeya na Iringa, zilizo mbali na vyuo hivyo, mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani yanafaa zaidi: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9, yakiendeshwa hata na wasio mabingwa, mradi wasimamiwe.

Mzazi wa Tukuyu au Mafinga, omba daftari la mwanao. Kama halina tarehe, lengo wala hesabu ya alichoweza wiki hii, muulize mtaalamu anajuaje kwamba mbinu zake zinafanya kazi.