Feza Haipandi Meli

Mama mmoja wa parokia yetu ya Bukavu alitujia na swali. Ilikuwa mwaka 2024. Mwana wake alikuwa masomoni katika Ubelgiji. Kijana huyo alikuwa ameacha feza kidogo katika banki ya hapa kwetu, na alipofika Ulaya alifungua konti nyingine, ile ya kulipia vitu kwa njia ya intaneti. Siku moja alitaka kuitoa feza ya hapa na kuiingiza katika konti ile, apate kulipa chumba chake. Alijaribu mara ya kwanza, wakakataa. Alijaribu mara ya pili, wakamfungia konti. Basi mama akauliza: «Feza ni yake, jina ni lake, kwa nini wanamkatalia? Imekwama njiani?»

Hapana, mama. Haikukwama njiani, maana njiani haikupita hata kidogo. Feza haipandi meli wala ndege. Ili tufahamu jambo hili, inafaa turudi nyuma sana, mpaka wakati wa vita vya Msalaba.

Mwaka 1148, Mfalme Louis wa Saba wa Ufaransa alikuwa Mashariki pamoja na askari wake, na feza ilimwishia. Safari ya kutoka Paris ilikuwa ya miezi. Baharini wanyang'anyi, milimani njaa. Nani angembebea masanduku? Mfalme aliwaendea watawa-askari walioitwa Watempla. Hao walikuwa na nyumba katika Nchi Takatifu na nyumba nyingine huko Paris. Wakamkopesha palepale. Kisha mfalme akamwandikia Suger, abate wa Saint-Denis, aliyekuwa akilinda ufalme, kwamba awalipe Watempla marki 2,000 za feza. (Kwetu neno «feza» linatosha kwa yote mawili, madini na malipo.)

Tazameni vizuri jambo lililofanyika. Feza aliyoitumia mfalme ilikuwa huko Mashariki tangu mbele. Feza aliyoilipa Suger ilikuwa Ufaransa, na ikabaki Ufaransa. Kilichovuka bahari ni karatasi yenye muhuri. Na Suger aliitii karatasi ile kwa sababu alimjua aliyeiandika.

Watempla hawakuwa wa kwanza. Miaka mingi kabla yao wafanyabiashara Waislamu wa Bagdad na wa Misri walikuwa na barua za namna hiyo, na maneno ya kazi yao yamefika mpaka kwetu: hawala ni neno la Waarabu, hundi limetoka kwa Wahindi. Wazee wa Maniema wanalijua jina la Tippu Tip. Mali aliyoingia nayo katika nchi yetu hakuinunua kwa feza ya mfukoni: Taria Topan, mfanyabiashara Mhindi wa Unguja, alimpa kwa mkopo, na deni likaandikwa katika daftari huko pwani. Pembe za tembo zililipa deni, na watu wetu ndio walioteseka ili pembe hizo zifike pwani. Daftari ya Unguja haikuandika habari yao.

Lakini waliofanya kazi hii kuwa kubwa kweli ni watu wa Italia. Banki ya Medici ilianzishwa Firenze mwaka 1397. Ilikuwa na nyumba Roma, Venezia, Geneva, London, na pia Bruges, mji wa Ubelgiji wa leo. Kanisa liliwahitaji sana, kwa sababu zaka na malipo ya majimbo ya kaskazini yalipaswa kufika Roma. Mtu alilipa Bruges, karani akaandika barua, na nyumba ya Roma ikamlipa Baba Mtakatifu kutoka kasha lake. Vizuri sana. Ila fikirini: kila mwaka watu wa kaskazini walipa, kila mwaka Roma inatoa. Kasha la Bruges linajaa, kasha la Roma linakauka! Barua peke yake haiwezi kuponya ugonjwa huo. Siku moja inapaswa kitu fulani kisafiri kweli. Basi wakanunua sufu ya Uingereza kwa feza ya kaskazini, wakaisafirisha Italia wafumaji waifume, ikauzwa, na kasha la huko likapata kujaa tena. Kwa hiyo meli zilipakia kondoo, tuseme hivyo, ili feza ibaki nyumbani. Mwishoni nyumba ya Bruges ilimkopesha Charles, mtawala wa Burgundi, kupita kiasi. Charles alikufa vitani mwaka 1477, nayo nyumba ile ikaanguka.

Kuna jambo lingine la wakati ule ambalo ningependa mlishike. Kanisa lilikataza riba. Wenye banki walikuwa Wakristo, waliogopa moto. Lakini faida waliipenda pia. Wakaificha katika bei ya kubadili feza. Barua iliandikwa kwa feza ya Firenze, ikalipwa kwa feza ya Bruges, na bei ya kubadili ilipangwa kwa namna ambayo mwenye banki hakutoka mikono mitupu. Wanateolojia walibishana juu ya jambo hilo miaka mingi. Mimi nasema tu kwamba hila ile haikuzikwa pamoja na Wamedici, na tutakutana nayo tena.

Karne zilizofuata zilileta mwendo wa mbio. Kampuni ya telegrafu ya Western Union, huko Marekani, ilianza kutuma feza kwa waya mwaka 1871. Posta za mataifa zilipatana huko Paris mwaka 1878 juu ya mandati, yaani karatasi ambayo mtu analipia katika posta moja na mwingine anapokea katika posta ya nchi nyingine. Kwetu Kongo, mandati ya posta ilikuwa ndiyo banki ya mtu maskini, na karani wa posta alikuwa mtu mkubwa mtaani. Patrice Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kabla jina lake halijajulikana duniani.

Mwaka 1973 banki 239 za nchi 15 ziliunda chama kinachoitwa SWIFT. Makao yake yako La Hulpe, karibu na Bruxelles, na kazi ilianza mwaka 1977. Watu husema «feza imepita kwa SWIFT». Sivyo. SWIFT ni tarishi tu: inapeleka maneno. Kama banki ya Bukavu haina konti katika banki ya Bruxelles, inatafuta banki ya katikati ambayo zote mbili zinaijua. Na kama feza ni dola, kwa kawaida hiyo ya katikati iko Marekani. Kila mlango unaopitwa una bawabu, na bawabu anataka chake.

Ndipo zikaja konti za intaneti. Ile inayojulikana zaidi, PayPal, ilitoka katika kampuni ndogo iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2000 iliungana na kampuni ya Elon Musk, na mwaka 2002 soko la eBay likainunua kwa dola milioni 1,500. Baadaye, mwaka 2015, ziliachana. Wengi wanafikiri konti ya namna hii haina nchi, kwa kuwa intaneti haina mpaka. Ni kosa. Konti inafunguliwa katika nchi moja, kwa sheria ya nchi hiyo. Kwa watu wa Ulaya PayPal ilichukua ruhusa ya banki katika Luksemburgi mwaka 2007. Tena konti hiyo haina kasha lake la noti: inategemea banki ya kawaida, na inataka kuhakikisha kwamba banki hiyo ni yako. Njia moja wanayoitumia inapendeza. Wanatia senti chache mara mbili katika konti yako ya banki, kisha wanakuuliza: tulitia ngapi? Ukijibu sawa, wewe ndiwe mwenyewe.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Konti yake ya intaneti ilikuwa ya Ubelgiji, nayo ilitaka banki ya huko. Banki ya Bukavu haikuijua. Alipojaribu kulipa kwa karata ya banki ya hapa, banki ilituma namba ya siri kwa simu yake ya Kongo. Lakini laini ile aliiacha nyumbani, na mama ndiye aliyekuwa nayo! Mama aliona namba zimeingia bila salamu, akafikiri ni wezi, akafuta. Mara ya pili ilikuwa shida ya jina. Katika pasi kijana ana majina matatu. Karata ya banki ilikuwa na mawili tu, na jina la ubatizo lilitangulia. Katika nchi yetu majina ni habari ndefu. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo, Kardinali Malula akapinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Tangu wakati huo kuna jamaa nyingi ambamo karatasi za baba na za mwana hazifanani. Abate Suger aliujua mkono wa mfalme wake. Mashini haimjui mwana wa mama fulani. Inahesabu herufi, na zisipolingana inafunga mlango.

Mwishoni alifungua konti katika banki ya huko kwa majina yake yote matatu. Banki ya hapa ikaipelekea banki ile, na kutoka pale akaingiza katika konti ya intaneti. Ziliondoka dola 300. Zilizofika, kwa hesabu yake, zilikuwa kama dola 247. Banki ya hapa ilichukua ada, ile ya katikati ikakata, na zilipogeuzwa kuwa euro bei haikuwa ile iliyoandikwa magazetini. Mnaona, Wamedici hawajafa! Banki ya Dunia imehesabu katika miaka hii ya 2020 kwamba mtu anayetuma dola 200 katika Afrika ya kusini ya Sahara hupoteza kati ya dola 15 na 18, ingawa mwaka 2015 mataifa yalikubaliana kwamba ada isizidi asilimia 3 ifikapo 2030. Tajiri anayetuma milioni halipi hivyo. Anayetuma kidogo ndiye anayelipa zaidi, na mimi sioni haki ndani yake.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na bahati zaidi. M-Pesa ilianza kwao mwaka 2007. Mwaka 2013 banki moja ya Nairobi, Equity, ilipatana na PayPal, na mwaka 2018 Safaricom nayo, hata mtu akaweza kuitoa feza ya intaneti moja kwa moja katika simu yake. Kwetu M-Pesa ilifika mwaka 2012, na simu ikachukua nafasi ya mandati.

Kisha vita. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, Bukavu mwezi wa Februari, na banki zikafunga milango. Feza ya watu haikupotea. Iliandikwa katika daftari huko Kinshasa, falanga kwa falanga, lakini noti hazikuwepo. Lilikuwa kasha la Roma lililokauka, na hapakuwa na sufu ya kulijaza. Mwenye noti mkononi aliiuza kwa bei aliyoitaka.

Wakati ule ilikuwa zamu ya kijana kumsaidia mama. Alituma dola 100 kutoka Ubelgiji, zikaingia katika simu kabla chai haijapoa. Mama alizunguka kwa mawakala watatu. Wa kwanza hakuwa na kitu. Wa pili aliomba ada ambayo mama aliikataa kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Wa tatu alikuwa na noti za dola 40, akampa. Zile 60 zilibaki ndani ya simu, na mama aliibeba mfukoni majuma mawili, akiifungua kila asubuhi kuhakikisha kama bado zimo.