Fleury: Kijiji chenye meya, kisicho na mkazi

Fleury-devant-Douaumont, katika mkoa wa Meuse mashariki mwa Ufaransa, kina meya lakini hakina mkazi hata mmoja. Kwa kuwa wapiga kura hawapo, meya huteuliwa na mkuu wa mkoa.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza waliishi hapa watu 422, wengi wao wakulima na wakata mbao. Walikuwa na mashamba na malisho, kanisa, shule na mwoka mikate wao. Balaa lao lilikuwa mahali penyewe. Baada ya kushindwa na Wajerumani mwaka 1871, Ufaransa iliuzungushia ngome mji wa Verdun ulio jirani, na Fleury ikajikuta katikati ya ngome mbili, Douaumont na Souville.

Tarehe 21 Februari 1916 mizinga ya Wajerumani ilianza kuipiga Verdun. Wanakijiji wakaamriwa kuhama, wakabeba walichoweza kubeba. Juni 23 adui akaingia Fleury, na kuanzia hapo hadi Agosti 18 kijiji kilibadilisha mikono mara 16. Waliokikomboa mwishoni, kikosi cha kikoloni kilichoundwa Moroko, walikuta vifusi tu.

Vita vilipokwisha, wenyeji walitaka kurudi kulima. Haikuwezekana. Udongo ulijaa makombora yasiyolipuka, sumu na mifupa ya askari. Serikali ikapiga marufuku kilimo, kisha ikapanda misonobari. Kwa mkulima hakuna hasara inayoizidi hiyo: nyumba hujengwa upya, lakini shamba lililokufa halina fidia. Ndiyo maana naiheshimu sheria ya mwaka 1919 iliyokataa kulifuta jina la kijiji, ikakipa uongozi wake.

Leo njia za miguu zinafuata mitaa ya zamani chini ya miti. Vibao vidogo vinaonyesha alipokuwa mwoka mikate, palipokuwa shule, nyumba ya mkulima fulani. Ardhi yote ni mashimo na vichuguu vilivyoota nyasi. Hupati hatua mbili zilizo sawa. Palipokuwa kanisa pana kikanisa, na kwenye stesheni ya zamani ya treni kulifunguliwa jumba la makumbusho ya vita mwaka 1967.

Vijiji tisa vya Meuse viliangamia hivyo. Sita havijapata mkazi mpaka leo: Fleury, Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Haumont na Louvemont, kila kimoja na meya wake.