Hirizi za Bahia, 1835

Huku ughaibuni, katika nyumba zetu nyingi, hirizi ndiyo inayogombanisha bibi na wajukuu. Mtoto anazaliwa, bibi analeta kimfuko cha ngozi kilichofungwa kwa uzi mweusi, anamvisha. Usiku huohuo mama wa mtoto anakifungua, kwa sababu ameshasikiliza mawaidha kwenye simu na kuambiwa hiyo ni shirki. Bibi akiuliza anajibiwa, "Bibi, sisi tunamtegemea Mungu." Na bibi, ambaye hajaacha swala tangu utotoni, anabaki kujiuliza: kwani mimi namtegemea nani?

Swali hilo la bibi ndilo lililonipeleka kwenye vitabu vya historia. Fatwa sitotoa, hiyo si kazi yangu. Nataka tu tujue ugomvi huu umetoka wapi, halafu niwapeleke Brazil, kwa Waislamu ambao huwa hatuwataji.

Neno hirizi limetokana na Kiarabu, hirz, maana yake kinga. Kabla ya Uislamu, Waarabu waliwavisha watoto wao shanga na vitu vingine vilivyoitwa tamima ili kuwakinga na kijicho. Mtume (SAW) alikataza. Imepokewa kutoka kwa Uqba bin Amir kwamba mwenye kutundika tamima ameingia katika shirki. Hapo wanazuoni hawabishani.

Ubishi unaanza pale ndani ya kile kimfuko panapokuwa na aya za Qurani. Abdullah bin Mas'ud alikuwa mkali: imesimuliwa aliukata uzi aliouona shingoni mwa mkewe. Lakini imesimuliwa pia kwamba Abdullah bin Amr bin al-As aliwafundisha wanawe wakubwa dua ya kujikinga, na wale wadogo wasioweza kuhifadhi aliwaandikia na kuwatundikia. Wote wawili ni masahaba. Baadaye Imam Malik alikubali aya kutundikwa kwa mgonjwa kwa ajili ya baraka, ila si kwa mtu mzima wa afya anayekwepa kijicho. Kwa hiyo bibi na mjukuu, kila mmoja ana mzee wake wa zamani wa kumtaja.

Na kutawakali je? Hadithi ya ngamia tunaijua sote: mfunge kwanza, kisha ndiyo utawakali. Khalifa Umar, mwaka 639, alikuwa njiani kwenda Sham akasikia tauni imeingia huko. Akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu huyohuyo. Maana yake, kujihadhari hakupunguzi imani. Swali ni je, kimfuko cha ngozi ni kamba ya ngamia, au ni kitu tunachokishika badala ya kamba?

Sasa twende Bahia.

Mwaka 1835 mji wa Salvador, katika jimbo la Bahia, ulikuwa umejaa Waafrika waliosafirishwa kwa nguvu kutoka Afrika Magharibi, wengi wao Wayoruba, na Wahausa pia. Waislamu miongoni mwao waliitwa Malê. Walikuwa na walimu, walikuwa na mbao za kuandikia kama zile za chuoni kwetu, na walisomeshana Kiarabu katika vyumba vya kupanga na majumbani mwa mabwana zao. Tena hayo yalikuwa katika mji ambao wazungu wengi wenyewe hawakujua kusoma wala kuandika.

Mmoja wa walimu wao alikuwa mzee aitwaye Pacífico Licutan, mtumwa wa daktari. Mara mbili wenzake walichanga pesa wamkomboe, mara mbili bwana wake akakataa. Kisha yule daktari akashindwa kulipa madeni yake, na mzee Licutan akatiwa jela kama mali iliyokamatwa, angoje kuuzwa. Alikuwa bado humo vita vilipoanza.

Malê walichagua alfajiri ya Jumapili tarehe 25 Januari, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya kanisa, na watu wengi wangekuwa nje ya mji. Walipanga kuanza saa ambayo watumwa hutoka kuteka maji, ili wajiunge nao njiani. Mnaona wenyewe, ngamia alikuwa amefungwa barabara. Hawa hawakukaa wakangoja miujiza.

Lakini siri ilivuja usiku wa kuamkia siku hiyo, askari wakagonga mlango, ikabidi waanze mapema. Watu kama 600 waliingia mitaani, wengi wakiwa wamevaa kanzu nyeupe na hirizi. Walijaribu kuivamia jela wamtoe Licutan, wakashindwa. Mwisho ulikuwa Água de Meninos, mbele ya kambi ya askari wa farasi. Waafrika zaidi ya 70 wanakadiriwa kuuawa. Risasi hazikujali hirizi.

Kisha polisi wakaingia nyumba kwa nyumba. Walikusanya kanzu, mbao, na vile vimfuko vya ngozi, wakavipasua. Ndani walikuta aya za Qurani, dua, na zile jedwali za namba na herufi ambazo walimu wa hirizi wa pwani yetu nao wanazijua. Kukutwa na karatasi ya Kiarabu kukawa ushahidi wa uasi. Wanne walipigwa risasi hadharani tarehe 14 Mei, kwa sababu hakupatikana mtu aliyekubali kazi ya kunyonga. Wengine walichapwa mijeledi kwa mamia, wengi waliokuwa huru wakafukuzwa kurudishwa Afrika. Baadhi ya karatasi zile bado zimo katika nyaraka za serikali huko Bahia.

Mtu anaweza kusema: si mnaona, hirizi haikuwasaidia. Ni kweli, na sisi tunalijua hilo kutoka kwetu, kwenye Maji Maji ya 1905, ambapo maji hayakuzuia risasi za Wajerumani. Lakini mimi nikizitazama zile karatasi naona jambo jingine pia. Mtu aliyenyang'anywa jina, lugha na watoto, alibaki na aya mbili tatu shingoni mwake, kwa mkono wa mwalimu wake. Sidhani kila aliyeivaa aliiabudu ngozi.

Wala mjukuu asidhani kwamba upinzani umekuja na YouTube. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha al-Islah mwaka 1932, akiwakosoa Waislamu wa pwani kwa mila alizoona hazina msingi katika dini na kuwahimiza wasome. Baada yake Sheikh Abdallah Saleh Farsy, yule aliyetutafsiria Qurani kwa Kiswahili mwaka 1969, aliendelea kuandika dhidi ya bidaa. Bibi zetu waliyasikia hayo wakiwa wasichana, na wengine wakaamua kubaki na vimfuko vyao.

Mimi binafsi sivai, na hirizi yenye maandishi yasiyoeleweka, iliyouzwa kwa bei kubwa na mtu anayewatisha watu kwa majini, naikataa kabisa. Mtoto mwenye homa anapelekwa hospitali, hapo hakuna mjadala. Lakini kabla ya kuikata ile ya bibi usiku kwa siri, kaa naye umuulize: nani aliiandika, ameandika nini, na wewe bibi unapoifunga unasema nini? Huenda ukamsikia anasema bismillahi na kumwomba Mungu amlinde mtoto. Basi mwombe akufundishe dua yenyewe, umsomee mtoto kila usiku. Kimfuko mtaamua pamoja, mchana, naye akiwa amekaa hapo.