Habari za Ulimi na Mishipa ya Fahamu

Sisi tukaao Mwanza twamjua sana kambare. Mvuvi amtoapo majini, twaona ndevu nane zimezunguka kinywa chake. Watoto huuliza, "Samaki huyu ndevu za nini?" nasi huwajibu kwamba ni za kupapasia njia katika matope. Jibu hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Maana kambare huonja kwa ndevu zake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu mmoja wa Marekani, C. Judson Herrick, aliwajaribu samaki wa jamaa ya kambare walioko kwao. Aligusisha kipande cha nyama kwenye ndevu, samaki akageuka mara moja akakidaka. Aligusisha ubavuni, akageuka vilevile. Alipogusisha pamba tupu, samaki baada ya kudanganyika mara chache aliacha kuijali. Basi ikajulikana ya kuwa ngozi ya samaki huyo ina vionjio vingi, kama vile vilivyo juu ya ulimi wetu, na ya kuwa mshipa wa fahamu wa uso ndio upelekao habari zake ubongoni. Mshipa wa namna hiyohiyo tunao sisi: hutoka sehemu ya mbele ya ulimi, hupita sikioni karibu na kiwambo chake, kisha huingia ubongoni.

Lakini mjumbe huyo hubeba nini? Hakika habebi chumvi wala sukari. Mwingereza Edgar Adrian, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Charles Sherrington, alionyesha kwamba kila uzi wa mshipa wa fahamu hupeleka mapigo madogo ya umeme, na mapigo ya uzi mmoja yote ni sawa kwa ukubwa. Kichocheo kikizidi nguvu, pigo halikui, bali mapigo huja upesi zaidi. Ni kama mpiga ngoma asiyejua kupiga kwa nguvu wala kwa upole, ila ajua kupiga haraka au polepole.

Hapo pakazuka swali gumu. Ikiwa mapigo yote yafanana, ubongo hutambuaje chumvi na kwinini? Mwaka 1941 Mmarekani Carl Pfaffmann alitangaza aliyoyaona katika nyuzi moja moja za ulimi wa paka. Uzi mmoja uliitikia kitu kikali kama siki peke yake. Mwingine uliitikia siki na chumvi pia. Mwingine siki na kwinini. Akafikiri kwamba ubongo hausikilizi ngoma moja, bali hulinganisha ngoma nyingi kwa pamoja. Wengine husema kila ladha ina njia yake yenyewe. Mashindano ya hoja hizo mbili hayajaisha hata leo.

Tena asiye na kionjio hapati habari. Mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba jini moja la paka, lihitajiwalo kwa kuonja utamu, limeharibika. Ndiyo maana paka wa mwalo wa Kirumba hunyemelea dagaa, asijali sukari.

Sasa tuseme neno juu yetu walimu. Wengi wetu tulifundishwa, nasi tukafundisha, kwamba ulimi umegawanyika kama mashamba: utamu nchani, uchungu nyuma, ukali na chumvi kandokando. Asili ya habari hiyo ni kazi ya Mjerumani D. P. Hänig ya mwaka 1901. Yeye aliona tofauti ndogo tu kati ya sehemu na sehemu. Lakini mwaka 1942 kitabu cha Edwin Boring kilichora tofauti hizo kwa namna iliyowafanya wasomaji wadhani ni kubwa mno, na picha ikaenea katika vitabu vya shule vya nchi nyingi. Mwaka 1974 Virginia Collings alipima tena, akaona kwamba tofauti zipo lakini ni ndogo. Ladha zote huonjwa popote penye vionjio.

La kuhuzunisha si kwamba mtu alikosea. La kuhuzunisha ni kwamba kosa lilikaa miaka mingi, na kila mwanafunzi alikuwa na ulimi kinywani mwake. Tone moja la maji ya mwarobaini kwenye ncha ya ulimi lingalitosha kutufumbua macho. Mvulana aliyesema, "Mwalimu, mimi naonja uchungu hapa mbele," huenda tulimwambia anyamaze, naye alikuwa amesema kweli.

Basi, ndugu walimu, kitabu tukiheshimu, lakini penye jambo la kuonjwa, na tuonje kwanza. Hata kambare hadanganywi kwa pamba siku zote.