Wanne wa Viti vya Nyuma

Barafu ninayoijua mimi ni ile ya kwenye kifuko, ya ukwaju na ya ubuyu, anayouza mama jirani yetu hapa Temeke. Ikidondoka chini, dakika mbili tu, kwisha habari yake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usinishangae sana ninapokuletea historia ya timu ya vijana waliokuwa wanacheza juu ya barafu, tena huko Kanada. Washkaji kijiweni walishanishangaa vya kutosha. "We jamaa, Simba na Yanga zimekuishia?" Hazijaniishia. Ila nina mswada wa riwaya ulionishinda kwa miaka miwili, na historia hii ndiyo iliyonionyesha kwa nini umenishinda.

Mswada wenyewe unahusu timu ya mtaani iliyopoteza mchezaji katikati ya mashindano. Sikuutunga kutoka hewani. Nilipokuwa kidato cha tatu, beki wetu namba tatu aligongwa na gari akienda mazoezini, jioni ya Alhamisi. Tulimzika Jumamosi. Jumatano iliyofuata tulikuwa uwanjani, na mtaa mzima ulikuwa na swali moja tu: je, tutaingia nusu fainali? Jezi namba tatu nilipewa mimi. Nitalirudia jambo hili baadaye. Kwanza twende Kanada.

Mji unaitwa Swift Current, uko jimbo la Saskatchewan, kwenye nyanda tambarare za ngano. Miaka ile ulikuwa na watu kama elfu kumi na sita hivi. Yaani hata baadhi ya kata zetu za Dar zingeumeza. Mchezo wenyewe ni hoki ya barafuni: kila timu ina wachezaji sita uwanjani, kipa akiwa mmojawao, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini, wanagombea kwa magongo kisahani kigumu cha mpira. Ligi yao, Western Hockey League, ni ya vijana wa kati ya miaka 16 na 20. Kijana anaitwa na timu, anaondoka kwao, anakwenda kuishi na familia ya wenyeji katika mji asioujua. Mzazi yuko mbali. Anayempangia kila kitu, acheze au akae benchi, asonge mbele au arudishwe kwao, ni kocha. Msomaji, liweke hilo moyoni.

Mji ule ulikuwa na timu iitwayo Broncos tangu mwaka 1967. Mwaka 1974 timu ikahamishiwa mji wa Lethbridge. Miaka kumi na miwili watu wakakaa bila timu yao, mpaka mwaka 1986 walipoirudisha, safari hii ikiwa mali ya wananchi wenyewe wa mji. Kwa hiyo msimu wa 1986/87 haukuwa wa kawaida hata kabla ya balaa. Ulikuwa kama mtoto aliyepotea amerudi nyumbani, na mji mzima ukawa unapiga hesabu: mechi ni 72, je, vijana wetu watafikia hatua ya mtoano?

Tarehe 30 Desemba 1986, jioni, basi la timu likaondoka kwenda Regina, safari ya kilomita kama 240, kucheza na timu ya Regina Pats. Barabara ilikuwa imeganda. Hawakuwa wamefika mbali na mji. Kwenye daraja la barabara kuu, basi likateleza, dereva akashindwa kulizuia, likaacha njia, likaruka na kupinduka. Waliokuwa viti vya nyuma kabisa walikuwa wanacheza karata. Wanne wakafa: Trent Kresse wa miaka 20, Scott Kruger na Chris Mantyka wa miaka 19 kila mmoja, na Brent Ruff, ambaye alikuwa na miaka 16 tu. Scott Kruger alikuwa na mdogo wake ndani ya basi lile lile, kipa Trevor Kruger. Brent Ruff alikuwa na kaka yake, Lindy, aliyekuwa akicheza ligi kuu ya kulipwa.

Sasa hebu fikiri. Kresse na Scott Kruger walikuwa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa timu. Ukiondoa watu wawili wa namna hiyo katikati ya msimu, hata timu yenye uzoefu inayumba. Na hawa walikuwa watoto, wametoka kuwaaga wenzao ndani ya ukumbi ule ule wanaochezea. Baadhi yao walikuwa bado na majeraha.

Waliendelea kucheza. Walishonea jezi zao alama ya jani la pande nne, kila pande kwa marehemu mmoja. Na kijana mmoja wa miaka 17, aliyekuwamo ndani ya basi, akabeba timu mabegani. Jina lake Joe Sakic. Msimu ulipokwisha alikuwa amefunga magoli 60 na kutoa pasi za magoli 73. Huyo ndiye baadaye alinyanyua Stanley Cup, kombe kubwa kabisa la mchezo ule, mwaka 1996 na mwaka 2001. Kwa miaka mingi amekuwa mzito kuizungumzia ajali ile.

Broncos walishinda mechi 28, wakafungwa 40, wakatoka sare 4. Kwa hesabu za kawaida hiyo ni timu ya chini. Lakini ilitosha. Waliingia hatua ya mtoano, ambako timu mbili hukutana mara kadhaa mpaka mmoja afikishe idadi ya ushindi inayotakiwa. Raundi ya kwanza Prince Albert Raiders wakawatoa. Nani angewalaumu?

Hadithi haikuishia pale. Msimu wa 1988/89, wakiwa bado na baadhi ya vijana waliotoka hai ndani ya basi lile, Broncos walishinda mechi 55 kati ya 72. Katika mtoano wakashinda mechi 12 mfululizo bila kupoteza hata moja. Halafu wakaenda Saskatoon kugombea Memorial Cup, kombe la mabingwa wa ligi za vijana wa Kanada yote. Fainali ya tarehe 13 Mei 1989 ilikuwa dhidi ya wenyeji, Saskatoon Blades. Ilikwenda mpaka muda wa nyongeza, ambapo goli moja linamaliza kila kitu. Tim Tisdale akalifunga. Nne kwa tatu. Mji wa watu elfu kumi na sita ukawa bingwa wa nchi, chini ya miaka mitatu baada ya kuwazika watoto wake.

Nilipofika hapo, bwana, niliruka kitandani. Nilisema huu ndio mwisho wa riwaya yangu! Kifo, machozi, kombe. Nikaandika usiku kucha. Timu yangu ya kwenye karatasi ikashinda fainali, kapteni akalipeleka kombe makaburini, umande ukaanguka, jua likachomoza. Asubuhi nilijiona mimi ndiye mimi.

Kumbe nilikuwa nimesoma nusu ya habari.

Kocha wa timu ile aliitwa Graham James. Mwaka 1989 jarida la The Hockey News lilimtangaza kuwa mtu wa mwaka. Alisifiwa kwamba aliwainua vijana kutoka kwenye majivu. Lakini kuna jambo alilolifanya baada ya ajali ambalo wakati ule halikuwatisha watu: alikataa wataalamu wa kuwashauri vijana wasiletwe. Alisema mambo yatamalizwa ndani ya timu. Watu wakaona huo ndio ukakamavu, ndiyo ukocha wenyewe.

Mwaka 1996 Sheldon Kennedy, mmoja wa waliokuwa ndani ya basi na mmoja wa mabingwa wa 1989, alikwenda polisi. Wakati huo alikuwa mchezaji wa Boston Bruins, timu ya kulipwa. Akaeleza kwamba James alikuwa akimdhalilisha kingono kwa miaka, tangu akiwa na umri wa miaka 14. Mwezi Januari 1997 James alikiri mahakamani makosa dhidi ya Kennedy na mchezaji mwingine, zaidi ya matukio 300, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Miaka ya baadaye wengine wakajitokeza na akahukumiwa tena.

Sasa lirudie lile la wataalamu. Mtaalamu akija, atakaa na kijana mmoja mmoja, mlango umefungwa, atamuuliza: kuna nini kinakusumbua? Na kijana mmoja angeweza kujibu. Kwa macho ya leo ni vigumu kuuona mlango ule uliofungwa bila kukumbuka nani alikuwa na sababu ya kuufunga. Vijana walibaki na ajali yao vifuani, na Kennedy alibaki na mambo mawili.

Mwaka 2006 alitoa kitabu cha maisha yake ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni kama kusema "Kwa Nini Sikusema Lolote". Nadhani jibu moja liko wazi kwa yeyote aliyewahi kuwa ndani ya timu. Hakuna aliyeuliza. Wote walikuwa wanauliza habari za mtoano.

Ndipo nikaurudisha mswada wangu mezani, nikaona aibu. Mimi nilikuwa nimefanya vile vile mji ulivyofanya. Nimepiga hesabu ya pointi, nimetoa kombe, nimefunga kitabu. Nikajiuliza, hivi mimi mwenyewe Jumatano ile nilijisikiaje na jezi namba tatu? Ukweli ni huu: ilikuwa imefuliwa, inanukia sabuni, na nilitapika nyuma ya goli kabla ya mpira kuanza. Kocha akanipiga begani akasema, "Mchezee mwenzako." Alikuwa mtu mwema, simfananishi na yule hata chembe. Hakujua la kusema tu. Tuliingia nusu fainali. Watu walishangilia, wakatununulia soda. Tangu siku ile mpaka leo hakuna aliyewahi kuniuliza lolote kuhusu marehemu, na mimi sijawahi kumuuliza mdogo wake, ambaye alikuwa mpiga kona wetu. Kila nikipita kwao anakuwa mlangoni, tunasalimiana kwa mambo ya Simba na Yanga.

Historia ya barafuni ina ukurasa mmoja zaidi, nao ndio ulionipa moyo. Tarehe 6 Aprili 2018, katika jimbo lile lile la Saskatchewan, basi la timu nyingine ya vijana, nayo ikiitwa Broncos, ya mji wa Humboldt, liligongana na lori ambalo halikusimama kwenye njia panda. Walikuwa wanakwenda Nipawin kwenye mechi ya mtoano. Ndani ya basi walikuwemo watu 29. Kumi na sita walikufa, kumi na watatu wakajeruhiwa. Safari hii watu wa kuwashauri waliobaki waliitwa mara moja. Na miongoni mwa waliofunga safari kwenda kukaa na wafiwa walikuwa Sheldon Kennedy na Bob Wilkie, wazee wa basi la 1986. Walikwenda kuwapa vijana wale kile ambacho wao hawakupewa: mtu wa kuuliza, na masikio ya kusikiliza. Msimu uliofuata Humboldt walirudi uwanjani, wawili wa manusura wakiwemo kikosini. Wakafika hatua ya mtoano, wakatolewa na Estevan Bruins. Sijasikia kwamba mtu aliona ni msiba.

Ndugu zangu mnaoandika, sisemi kombe ni uongo. Goli la Tisdale liliingia kweli, na furaha ya Swift Current ilikuwa halali yao. Ligi ya kule mpaka leo humpa mchezaji wake bora wa mwaka tuzo yenye jina la wale Broncos wanne, na namba zao 8, 9, 11 na 22 hazivaliwi tena na mtu. Ninachosema ni kwamba msimamo wa ligi unaonyesha aliyeshinda na aliyeshindwa, basi. Aliyekaa kimya huwezi kumkuta pale hata uusome mara mia. Huyo ni kazi yetu sisi.

Sura yangu ya mwisho, ile ya kombe makaburini, nimeichana. Kwa sasa riwaya haina mwisho. Lakini Jumapili iliyopita nilikwenda kwa mdogo wake marehemu, nikakataa soda, nikamwambia sikuja kwa habari za mpira. Nikamuuliza habari za kaka yake. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akaanza na asubuhi ya ile Alhamisi.