Akiba ya Mnyonge: Jinsi Wananchi Walivyojiandaa kwa Miaka ya Ukata

Wataalamu wanapoeleza habari za msukosuko wa uchumi, mara nyingi huanza na mambo ya benki, bei za masoko ya ng'ambo na hesabu za serikali. Mambo hayo yana uzito wake, lakini hayatoshi kutueleza jinsi mkulima wa Ugogo, manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga, au mama mwenye watoto sita katika mtaa wa Dar es Salaam alivyoivuka miaka mibaya. Katika makala hii tunakusudia kuitazama historia ya nchi yetu kutoka upande huo. Tutauliza maswali mawili. Kwanza, wananchi wa kawaida, wasio na benki wala bima, walijiandaa vipi kabla dhiki haijafika? Pili, ni jambo gani lililoyavunja maandalizi hayo pale yalipovunjika? Ili kuyajibu tutachukua vipindi vitatu: njaa ya Mtunya ya mwaka 1918 hadi 1920, mporomoko wa bei za mazao ulioanza mwaka 1929, na ukata wa miaka ya 1980.

Wahenga walisema: akiba haiozi. Msomaji wa leo akiisikia methali hii hufikiri mara moja juu ya fedha zilizofungiwa mahali. Lakini wahenga walioitunga walikuwa na maana pana zaidi. Kwao akiba haikuwa rundo moja lililowekwa mahali pamoja, kwa sababu walijua kwamba rundo moja huweza kuteketea kwa moto, kuliwa na panya, au kuchukuliwa na adui kwa siku moja. Akiba yao ilitawanywa mahali pengi, na twaweza kuigawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni chakula kilichokaushwa na kutunzwa. Nafaka iliwekwa katika vihenge vilivyofumwa kwa fito au matete, ikachanganywa na majivu ili wadudu wasiitoboe. Mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya meko yapate moshi. Wasukuma na Wanyamwezi walikata viazi vitamu vipande vipande na kuvianika vikawa michembe, au walivichemsha kwanza kisha wakavianika, navyo wakaviita matobolwa. Muhogo nao ulimenywa ukaanikwa, ukawa makopa.

Fungu la pili lilikuwa ardhini. Muhogo huweza kukaa udongoni mwaka mmoja, hata miwili na zaidi, bila kuharibika, na nzige wakila majani yake mizizi hubaki. Katika nchi kavu watu walipanda uwele na mtama, nafaka ambazo hustahimili jua kuliko mahindi. Wasukuma walitenga sehemu za malisho, zilizoitwa ngitili, ambazo mifugo haikuruhusiwa kuingia mpaka kiangazi kiwe kikali. Akiba hiyo ilikuwa ya majani, lakini aliyeiokoa mifugo yake alikuwa ameiokoa nyumba yake pia.

Fungu la tatu ni mifugo, na hasa mifugo iliyowekwa kwa watu wengine. Miongoni mwa Wagogo, kwa mfano, mwenye ng'ombe wengi hakuwafuga wote katika zizi lake. Aliwagawa, wengine akawapa jamaa na marafiki wa vijiji vya mbali wawatunze. Mtunzaji alipata maziwa, naye mwenye mali alipata usalama, kwa kuwa ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja ulimwachia wale wa upande mwingine.

Fungu la nne halionekani kwa macho, nalo ni wajibu baina ya watu. Kulima kwa ujima, undugu wa kuchanjiana damu, utani baina ya makabila, na mahari iliyounganisha koo mbili: yote hayo yalikuwa pia namna ya kuweka akiba. Lugha yetu ina kitenzi kimoja kinacholieleza jambo hili vizuri, nacho ni kuhemea, yaani kwenda kutafuta chakula kwingine wakati wa njaa. Anayehemea huenda na mbuzi, na majembe, au na nguvu za mikono yake, akaingia katika nchi ambako ana mtu wa kumpokea. Asiye na wa kumpokea hana pa kuhemea.

Tusije tukadhani kwamba maandalizi haya yaliifanya jamii ya zamani isijue njaa. Njaa zilikuwako, na nyingine zilipewa majina ambayo wazee waliyatumia kuhesabia umri wa watoto wao. Tunalosema ni kwamba mwaka mmoja mbaya haukutosha kuiangusha jamii iliyotawanya akiba yake. Ili kuiangusha ilihitajika nguvu iliyoyapiga mafungu yote manne kwa wakati mmoja, na nguvu hiyo ilikuja na Vita Kuu ya Kwanza.

Ugogo ni nchi ya mvua haba, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na wenyeji wake walikuwa mabingwa wa kuishi na ukame. Lakini kuanzia mwaka 1914 majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalipita nchini humo yakichukua nafaka na ng'ombe. Wanaume walikamatwa kuwa wapagazi, na wengi wao hawakurudi. Jina la Kariakoo, soko maarufu la Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza. Hivyo mvua ilipokosekana, vihenge vilikuwa vitupu, mazizi yalikuwa yamepunguzwa, na mikono ya kulima haikuwako. Kuhemea nako kulikuwa kugumu, kwa kuwa majirani nao walikuwa wamenyang'anywa. Juu ya hayo yote ukaja ugonjwa wa mafua makali ulioienea dunia mwaka 1918. Maelfu ya watu walikufa, na njaa hiyo Wagogo wakaiita Mtunya. Watawala walipenda kuzieleza njaa za namna hii kuwa ni matokeo ya ukame na ya uvivu wa wenyeji. Ukweli ni kwamba ukame ulimkuta Mgogo akiwa amekwisha kuporwa akiba yake.

Kipindi cha pili kina sura nyingine. Mwezi Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na katika miaka michache iliyofuata bei za mkonge, kahawa na pamba zilishuka, nyingine kwa zaidi ya nusu. Mkulima wa Tanganyika hakupata kuiona hisa hata moja, lakini msukosuko ulimfikia, kwa sababu kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilikuwa imemfungamanisha na soko hilo kwa kamba ya kodi. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, si kwa mtama wala mbuzi. Ili aipate fedha, mtu alilazimika ama kulima zao la kuuza ng'ambo, ama kwenda kuajiriwa. Bei ilipoanguka, kodi ilibaki ikidaiwa. Aliyeshindwa kuilipa aliweza kulazimishwa kuilipa kwa kazi. Wakati huohuo, katika miaka ya mwanzo ya 1930, makundi ya nzige yaliishambulia nchi.

Hapa ndipo tunapoona tofauti kubwa kati ya mwananchi na mwananchi. Manamba wa mashamba ya mkonge, waliotoka mbali na kwao wakiishi kwa kipande cha siku 30 za kazi, walikatwa ujira au wakaachishwa kazi kabisa. Hawakuwa na shamba mahali walipokuwa, na akiba yao pekee ilikuwa njia ya kurudi nyumbani. Waliorudi walipokewa na mashamba yaliyokuwa yamelimwa na wake zao na mama zao. Kwa maneno mengine, ujira mdogo wa mkonge ulikuwa ukichangiwa siku zote na jembe la mwanamke aliyebaki kijijini, na siku ujira ulipokoma jembe hilo ndilo lililoubeba mzigo wote.

Katika miteremko ya Kilimanjaro hali ilikuwa tofauti kidogo. Wachagga walikuwa wameipokea kahawa, lakini hawakuing'oa migomba ili kuipisha. Katika kihamba, kahawa iliota chini ya kivuli cha migomba, pamoja na magimbi na viazi vikuu, na maji yaliletwa kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Bei ya kahawa ilipoanguka, mwenye kihamba alikosa fedha ya kodi na nguo, lakini ndizi hazikushuka bei tumboni mwake. Aidha, wakulima hao walikuwa wamekwisha kuanza chama chao cha kahawa mwaka 1925, na katika miaka hiyohiyo ya shida, mwanzoni mwa mwaka 1933, kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Tusisahau kwamba serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na lengo lake la kuidhibiti biashara ya kahawa kwa kupitia ushirika huo. Hata hivyo, wakulima walijifunza kwamba mtu mmoja mmoja hawezi kushindana na soko la dunia.

Jibu la serikali kwa msukosuko lilikuwa kuwahimiza wananchi wapande mazao mengi zaidi ya kuuza, ili hasara ya bei ifidiwe kwa wingi wa mzigo. Katika sehemu nyingi watu walilazimishwa pia kupanda muhogo wa akiba. Amri hii ya pili ina kichekesho chake: mkoloni alikuwa akimwamuru mkulima afanye lile ambalo mkulima alikuwa akilifanya kabla kodi na zao la biashara havijamnyima muda wa kulifanya.

Kipindi cha tatu ni cha taifa huru, nacho wazee wengi wanakikumbuka. Ukame wa mwaka 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena mwaka 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979 viliimaliza hazina ya nchi. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia viliadimika madukani. Mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo watu wakayaita Yanga, kwa kuyafananisha na jezi za klabu hiyo, na wako waliofulia nguo majani ya mpapai badala ya sabuni. Thamani halisi ya mshahara wa mfanyakazi ilishuka kwa zaidi ya nusu.

Mfanyakazi wa mjini hakuwa na kihenge wala zizi. Je, alikuwa na nini? Tukichunguza tutaona kwamba aliyajenga upya mafungu yaleyale ya wahenga kwa vifaa vya mjini. Alitafuta kishamba nje ya mji, au alipanda mchicha katika mabonde kama lile la Msimbazi. Alifuga kuku uani. Mke wake alipika maandazi na vitumbua vya kuuza, na mara nyingi kipato cha kikaangio kiliupita mshahara. Mwalimu alifundisha masomo ya jioni. Shughuli hizo zote zilipewa jina moja, mradi. Wanawake walicheza upatu: watu kumi, tuseme, kila mmoja hutoa kiasi sawa kila wiki, na kila wiki mmoja wao hupokea fungu zima kwa zamu. Upatu haumwongezei mtu hata senti moja juu ya alichotoa, lakini humwezesha kununua gunia zima badala ya kibaba, na humfungamanisha na watu tisa ambao watajua akiugua.

Ni lazima tuseme pia kwamba taifa lilichukua muda kuitambua akiba hii. Mwaka 1983 palikuwa na msako wa wahujumu uchumi, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Nguvukazi ya kuwaondoa mijini wasio na kazi maalumu. Walanguzi wa kweli, waliozificha bidhaa ili wapandishe bei, walikuwako, na wananchi waliwachukia kwa haki. Lakini katika misako hiyo mchuuzi mdogo naye aliitwa mzururaji, ingawa ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba yake na ya jirani. Kuanzia mwaka 1984 masharti ya biashara yalianza kulegezwa, na shughuli hizi ndogo zikapata nafasi yake.

Vipindi hivi vitatu vinatufundisha nini? Kwanza, watu wetu hawakuingoja dhiki wakiwa wamekunja mikono. Walijiandaa kwa kutawanya, wasitegemee zao moja, zizi moja wala mshahara mmoja. Pili, mzigo mkubwa wa maandalizi hayo ulikuwa mabegani mwa wanawake, na historia isiyowataja haijakamilika. Tatu, akiba ya mnyonge huvunjwa na nguvu kubwa kuliko mvua: jeshi linalopora, kodi isiyojali bei, au sheria isiyomtofautisha mchuuzi na mlanguzi. Kwa hiyo si haki kumwambia mwananchi ajiwekee akiba, kisha tukaacha kuuliza ni nani anayeichukua.

Tunawaomba walimu wawatume wanafunzi wao kwa wazee wa vijiji na mitaa yao, wakaulize majina ya miaka ya njaa na ya ukata, na namna kila nyumba ilivyoivuka. Waandike vyakula vilivyoliwa, vitu vilivyouzwa kwanza na vilivyouzwa mwisho, na majina ya ndugu waliowapokea wahemeaji. Habari hizo hazimo katika hesabu za benki, na wazee wanaozijua wanapungua kila mwaka.