Mbio za Hisani: Jinsi Marathoni Ilivyogeuka Msaada kwa Wagonjwa

Mbio za hisani ni zile ambazo mkimbiaji huchangisha fedha kwa ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake ili kugharimia tiba au utafiti. Wengi hujiandikisha baada ya mzazi, mtoto au ndugu kuugua sana. Mgonjwa hawezi kukimbia. Anayempenda hukimbia kwa niaba yake.

Marathoni ya kilomita 42.195 ilikimbiwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya London mwaka 1908, na urefu huo ukaidhinishwa mwaka 1921. Kwa miongo mingi ilibaki kuwa ya wanariadha wachache. Mambo yalianza kubadilika New York ilipopitisha marathoni yake katika wilaya zote tano za jiji mwaka 1976, na watu wa kawaida wakamiminika.

Aliyeonyesha uwezo wa mbio hizo kuchangia utafiti wa tiba ni Mkanada Terry Fox, aliyekatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa sababu ya saratani ya mfupa. Aprili 12, 1980 alianzia St. John's, akinuia kuvuka Kanada nzima kwa mguu wa bandia, akikimbia karibu marathoni moja kila siku. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, saratani iliyofika mapafuni ilimsimamisha karibu na Thunder Bay. Kabla hajafariki Juni 1981, akiwa na umri wa miaka 22, michango ilikuwa imepita dola milioni 24 za Kanada, sawa na dola moja kwa kila Mkanada.

Mwaka huohuo, Chris Brasher na John Disley walianzisha Marathoni ya London, ambayo watu 6,255 waliimaliza. Baadaye mashirika ya hisani yalianza kununua nafasi za kukimbia na kuwapa watu walioahidi kuchangisha kiasi maalumu. Kwa jumla, marathoni hiyo imesaidia kukusanya zaidi ya pauni bilioni moja tangu 1981.

Nchini Marekani, Bruce Cleland, ambaye binti yake aliugua saratani ya damu, aliunda timu ya watu 38 waliokimbia New York mwaka 1988 na kupata dola 322,000. Timu hiyo ilizaa Team in Training, mpango unaowafundisha wanaoanza kukimbia huku wakichangisha. Hapo uchungu wa familia moja ulipata utaratibu ambao familia nyingine ziliweza kuufuata.

Afrika Mashariki, ambako kuchangia matibabu ya jirani ni desturi ya siku nyingi, mbio hizi pia zilipata mizizi. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa Kenya wa wakati huo, alizindua kampeni ya Beyond Zero dhidi ya vifo vya akina mama na watoto. Alikimbia nusu marathoni Nairobi mwezi Machi, kisha marathoni kamili London mwezi Aprili. Michango ilinunua kliniki zinazotembea kwa ajili ya kaunti 47.

Tanzania, CRDB Bank Marathon iliyoanza mwaka 2020 jijini Dar es Salaam imechangia upasuaji wa watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mchango wa namna hii hauchukui nafasi ya bajeti ya serikali wala bima ya afya, lakini huwafikisha kwenye matibabu watoto ambao wazazi wao wasingeweza kulipa.